Usubi wa mchanga: neti ya mbu itatosha Marigat? Na homa ikija tukiwa tumesharudi Nairobi?

Mpima_Mabomba (Nairobi)

Habari zenu wadau. Timu ya watu tisa inatoka Nairobi mwezi ujao kwenda Baringo kupima njia ya bomba la maji, kutoka Marigat kuelekea Tiaty. Ni wiki tatu, tunalala kwenye mahema, na kazi inaanza alfajiri. Neti tulizo nazo ni za kawaida za mbu, nusu yake za zamani ambazo dawa imeshaisha.

Naomba wanaomfahamu huyu usubi wa mchanga, mdudu anayeeneza kala-azar (ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu), watusaidie. Neti za mbu zinamzuia kweli? Kuna njia ya kujua kama yupo mahali kabla hatujapiga kambi? Kuna mwenzetu anashauri tumwage dawa ya wadudu kwenye vichuguu vyote vilivyo karibu, je, ni sawa? Na mtu akishikwa na homa baada ya kurudi mjini, aseme nini hospitalini ili asitibiwe malaria mara tatu mfululizo? La mwisho: hapa Nairobi kwenyewe mdudu huyu yupo?

---

Kichuguu_Wazi

Ndugu, umeuliza mapema, na hilo ndilo la maana zaidi. Nitajibu kuhusu mdudu, ya hospitali nawaachia wenye kazi yao.

Kwanza jina, maana linachanganya. Usubi kwa Kiswahili ni karibu kila kidudu kidogo kinachouma, pamoja na yule mweusi wa kandokando ya mito yenye maji ya kasi anayeeneza upofu wa mtoni. Yule huuma mchana na huzaliana majini. Usubi wa mchanga ni mwingine kabisa. Ana urefu wa milimita 2 hadi 3, yaani kama theluthi ya mbu, rangi yake ni ya majani makavu, na mwili umejaa manyoya. Akitua, mabawa husimama juu ya mgongo kama herufi V, ilhali mbu huyalaza. Halii sikioni. Ukimwona ukutani utadhani ni unyoya uliopeperuka, hadi autoke ukuta kwa kurukaruka hatua fupi fupi na kutua tena. Upepo mdogo tu unamshinda. Wanaouma ni majike peke yao, tangu jua linapozama hadi kunapopambazuka.

Sasa, jambo linalowaponza watu wengi ni kumchukulia kama mbu. Kufukia madimbwi na kufunika matangi hakumpunguzi hata mmoja, kwa sababu hatagi majini. Anataga kwenye udongo wa giza wenye unyevunyevu na mabaki ya mimea au samadi: ndani ya vichuguu, mashimo ya wanyama, nyufa za ardhi, nyufa za kuta za udongo, pembeni mwa mazizi. Kutoka yai hadi mdudu kamili ni mwezi mmoja hadi miwili hivi.

Mnakokwenda ninyi, mhusika mkuu wa kala-azar ni usubi wa mchanga wa aina ya Phlebotomus martini, na nyumba yake ni kichuguu. Si kila kichuguu. Angalia vile vyenye bomba la hewa lililo wazi juu, tundu ambalo mkono unaweza kuingia. Mchana, ndani mna joto la wastani na unyevu hata nje kukiwa kumekauka kabisa, na usubi hukaa humo kwenye kuta za hilo bomba wakisubiri jua lishuke. Jioni hutoka. Kule Kitui, uchunguzi uliofuatia mlipuko wa miaka ya 1950 uliwaonyesha watafiti kwamba wanaume walikuwa wakiketi jioni kwenye thome, yaani baraza yao ya nje, karibu na vichuguu, saa zile zile anapotoka. Kwa hiyo swali si tu utalala wapi, ni utakula chakula cha jioni wapi na utapiga soga wapi.

Kaskazini zaidi na mashariki hali hubadilika. Kwenye udongo mweusi unaopasuka, penye migunga na mijunju, kuna Phlebotomus orientalis, ambaye hahitaji kichuguu, nyufa zinamtosha. Huko huko Baringo, ndani ya mashimo ya panya wa porini, kuna P. duboscqi, ambaye hubeba vimelea vya vidonda vya ngozi, si kala-azar. Na kwenye mapango ya upande wa Gilgil kuna P. guggisbergi, naye ni wa vidonda vya ngozi. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeumwa na usubi wa mchanga", jina peke yake halitoshi kujua hatari ni ipi.

Kuhusu neti. Neti ya kawaida ya mbu huwa na matundu 156 kwa kila inchi mraba. Tundu lake lina upana unaozidi milimita moja, na usubi wa mchanga mwenye njaa hupenya. Neti isiyo na dawa ni pambo tu kwa mdudu huyu. Yenye dawa ni habari nyingine: ili apenye inabidi atue na kujikunja kwenye nyuzi, na hapo ndipo anapata dawa. Mfano mzuri ni jimbo la Gedaref, Sudan, ambako neti zenye dawa takribani 357,000 ziligawiwa kati ya 1999 na 2001, na wagonjwa wa kala-azar wakapungua kwa kadiri ya asilimia 59. Hata huko tatizo lilikuwa watu kuingia ndani ya neti usiku umeshakwenda, wakati mdudu ameanza kazi tangu jua kuzama.

Kwa watu tisa fanyeni hivi. Hizo neti za zamani ziacheni nyumbani, nunueni mpya zenye dawa, moja kwa kila mtu. Zifungueni siku moja kabla, mzitundike kivulini zipate hewa, zisianikwe juani kwa sababu jua huiua dawa. Mlale kwenye kitanda cha kukunja, si chini, maana anaruka chini chini. Pindo la neti liingie chini ya godoro pande zote nne. Kama hema lina pazia la ndani la matundu madogo sana, hilo linasaidia kuliko neti yoyote, ila zipu ifungwe kabla ya saa kumi na mbili jioni, na taa isiwashwe ndani zipu ikiwa wazi.

Jioni vaeni suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi na shati la mikono mirefu. Nguo zinyunyiziwe permethrini (dawa ya kuua wadudu) ya asilimia 0.5 na zikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Ngozi iliyobaki wazi, pakeni dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET asilimia 20 hadi 30, na vifundo vya miguu na shingo visisahaulike. Anayetoka jasho arudie baada ya saa chache. Wale wanaoanza kazi saa kumi na moja alfajiri nao wapake, maana mdudu bado yuko nje.

Mahali pa kambi: palipo wazi, penye upepo, mbali na vichuguu vyenye tundu, mbali na mazizi na mashimo. Wengi wao hawaendi mbali sana, mita 300 hivi. Huko Tiaty kupata mita 300 bila kichuguu hata kimoja ni vigumu, lakini kati ya kulala hatua 10 na kulala hatua 150 kuna tofauti kubwa.

---

Mafuta_ya_Nyonyo

Kichuguu_Wazi kamaliza karibu yote. Naongeza njia ya kumtafuta, maana umeuliza, na haihitaji mtego wa taa (taa yenye feni inayovuta wadudu hadi ndani ya mfuko).

Chukua karatasi nyeupe za A4, kama kumi. Zipake mafuta ya nyonyo pande zote mbili kwa brashi, kiasi cha kung'aa bila kudondoka. Mafuta ya kupikia hayafai, ni mepesi na mdudu anajinasua. Pasua kijiti, bana karatasi, kisimike karibu kabisa na mdomo wa bomba la kichuguu bila kuliziba, au kwenye mlango wa shimo. Tega saa kumi na moja jioni, toa saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakolea, kwa sababu vumbi na joto vinaharibu kila kitu. Andika kwenye pembe ya karatasi kwa penseli namba ya kichuguu na tarehe. Wino huyeyuka.

Asubuhi shika kioo cha kukuza mara 10. Mtakuta mchwa, mbu, nondo wadogo na vumbi. Usubi wa mchanga atakuwa amelala ubavu, mgongo una kibyongo, miguu mirefu kuliko mwili. Mtoe kwa ncha ya brashi ya kuchorea iliyolowa spiriti, mweke kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 70. Usimtoe kwa kibano kikavu, atakatika kichwa, na kichwa ndicho kinachohitajika maabara.

Sasa tahadhari. Mtakaowapata wengi watakuwa wa jenasi ya Sergentomyia, ambao hupendelea mijusi na hawajulikani kuwa waenezaji wa kala-azar kwa binadamu. Kwa kioo cha mkono dalili moja ni manyoya ya mgongoni mwa tumbo: ya Phlebotomus husimama, ya Sergentomyia hulala. Lakini spiriti ikishayalaza manyoya dalili hiyo imekwisha. Jibu la uhakika ni la hadubini: anaoshwa kwa sabuni ya asilimia 2 ili manyoya yatoke, kichwa kinakatwa na kulazwa kidevu juu, kisha yanatazamwa meno ya kooni na vifuko vya mbegu vya jike.

Usiku wa mbalamwezi mtego wa taa hushika kidogo. Mkiazima mmoja, uning'inizeni ili mdomo uwe kama nusu mita kutoka chini, si kichwani kama wa mbu, na kamba ipakwe grisi, la sivyo siafu watakula kila kilichonaswa kabla hamjaamka. Asubuhi fungeni kwanza shingo ya mfuko, ndipo mzime feni. Mkizima feni kwanza wanatoka wote.

Na la muhimu kuliko yote: karatasi tupu haithibitishi kwamba hayupo. Karatasi zikiwa na wengi, hamisheni kambi. Zikiwa tupu, bado laleni ndani ya neti.

---

Mpima_Mabomba

Asanteni sana. Na hili la kumwaga dawa vichuguuni? Mwenzetu ameshanunua lita tano.

---

Kichuguu_Wazi

Aiache. Kichuguu kimoja kina mabomba yanayoshuka na kutawanyika chini, dawa ya kumwaga hufika sehemu ndogo tu, inayobaki inakwenda udongoni na mvua ya kwanza inaipeleka kwenye maji ambayo nyie wenyewe mnayapimia bomba. Na mkikibomoa, mchwa hujenga upya, huku usubi waliokuwemo wakihamia shimo la jirani au ukuta wenye ufa. Kuna majaribio mengi yaliyofanywa Baringo tangu zamani, mengine ya kutumia vitambaa vyenye permethrini ndani ya nyumba, na mwelekeo ulikuwa huo: dawa ibaki pale mtu alipo. Kwa kambi ya wiki tatu, dawa yenu itafaa zaidi ikinyunyiziwa sehemu ya nje ya hema upande wa chini na pindo lake, kama lebo inaruhusu matumizi hayo. Kama ni dawa ya shambani, msiinyunyizie hapo kabisa.

---

Afisa_Kliniki_Eastleigh

Nikija kwa upande wa homa. Wiki tatu mkiwa kambini hamtaona ugonjwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kala-azar huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi sita tangu kuumwa hadi dalili, wakati mwingine inapita mwaka. Mtu atakuwa amesharudi Kayole au Lang'ata, amesahau Tiaty kabisa.

Dalili ya kutilia maanani: homa inayozidi wiki mbili, inayokuja na kuondoka, dawa za malaria na za taifodi zimeshindwa. Mtu anakonda ilhali tumbo linakua. Damu inapungua, anapauka, anatokwa damu puani. Upande wa kushoto chini ya mbavu kuna uzito, huo ni wengu, wengine huuita bandama. Wengu unaanza kushikika chini ya mbavu na usipotibiwa unashuka kuelekea kitovu. Kwa Wapokot utasikia ugonjwa huu ukiitwa termes. Usipotibiwa huua zaidi ya asilimia 95 ya walioshikwa nao, mara nyingi kwa kutokwa damu, kwa kupungukiwa na damu, au kwa nimonia na maambukizi mengine yanayoingia kinga ikiwa imeshavunjika.

Kwa hiyo msingoje kuulizwa, semeni wenyewe. Sentensi moja inatosha: "Nililala kwenye hema Baringo kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, na nina homa ya wiki tatu, naomba nishikwe wengu na nipimwe kala-azar." Andika tarehe hizo na majina ya mahali kwenye karatasi, weka pamoja na kitambulisho. Nairobi kliniki nyingi hazimwoni mgonjwa wa kala-azar hata mmoja kwa mwaka, na anayehudumia hawezi kukumbuka ugonjwa ambao hakuna aliyemtajia.

Jambo jingine: kipimo cha malaria kikionyesha ipo, haimaanishi kala-azar haipo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Akitibiwa malaria na homa isiishe, arudi, asiongezewe tu dozi nyingine. Pia ifanywe hesabu kamili ya damu: chembe nyekundu, nyeupe na sahani (chembe zinazogandisha damu) zikiwa zimeshuka zote tatu kwa mtu mwenye wengu mkubwa, hapo usingoje tena.

---

Slaidi_na_Giemsa

Naongeza ya maabara, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea hata wakikumbuka ugonjwa.

Kipimo cha haraka kinaitwa rK39. Ni tone la damu ya kidole kwenye kijiti, matone ya maji yake, unasubiri. Muda wa kusoma si sawa kwa kila aina, nyingine ni dakika 10, nyingine hupita 20, kwa hiyo soma karatasi iliyo ndani ya boksi unalotumia na si uliyoizoea. Mstari hafifu ni mstari: unahesabiwa kuwa chanya. Wengi huutupa.

Kosa la pili ni kuamini hasi. Kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki kipimo hiki hushika kama asilimia 85, tofauti na India ambako hushika karibu 97. Maana yake, kati ya wagonjwa mia moja wa kweli huku kwetu, kama kumi na watano watapewa jibu hasi, na kwa mwenye virusi vya ukimwi hali ni mbaya zaidi. Kikiwa hasi na dalili zipo, nenda DAT (kipimo kingine cha kingamwili, cha maabara) au utafute kimelea chenyewe kwa kuchota uboho au wengu. Kosa la tatu ni kukitumia kwa mtu aliyewahi kutibiwa. Kingamwili hukaa damuni miaka, kipimo kitabaki chanya hata amepona. Akirudiwa na homa huyo, ni kimelea tu kitakachosema.

Kuchota wengu kunaonyesha vimelea zaidi ya njia nyingine zote, asilimia 93 hadi 99, uboho ni 53 hadi 86. Lakini si kazi ya kliniki ya mtaani. Sahani za damu zikiwa chini ya 40,000 hairuhusiwi, na mgonjwa anabaki kitandani akipimwa shinikizo na mapigo kwa saa kadhaa, maana kutokwa damu ndani kunaweza kumuua. Chini ya hadubini, baada ya rangi ya Giemsa, tafuta kidoa cha mikroni 2 hadi 4 chenye vitu viwili: kiini cha duara na kijiti kifupi cheusi kilichokaa pembeni. Usipoona vyote viwili usiite kimelea. Sahani ya damu iliyolalia seli imewadanganya wengi.

Nairobi anayekwama aulizie KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambako utafiti wa kala-azar umefanyika kwa miaka mingi, au hospitali kubwa ya rufaa. Baringo kuna Kimalel karibu na Marigat, na West Pokot kuna Kacheliba, vituo vinavyoujua ugonjwa huu kwa kuutibu kila mara. Kwa mgonjwa anayeishi karibu na huko ni afadhali kuliko kumleta mjini.

---

Afisa_Kliniki_Eastleigh

Kweli kabisa. Na tiba, ili watu wasidanganywe na vidonge vya duka: matibabu ya kwanza huku kwetu ni sindano mbili kila siku kwa siku 17, sodiamu stiboglukoneti miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito na paromomisini miligramu 15 kwa kilo. Ni mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2010, kabla yake ilikuwa siku 30 za dawa ya kwanza peke yake. Moyo, kongosho, figo na masikio huangaliwa muda wote. Mjamzito, mwenye ukimwi, mzee na aliyezidiwa sana hupewa AmBisome, dawa nyingine ya mshipani. Siku 17 zikamilike, hata homa ikiisha siku ya tano. Anayeacha katikati anarudi na ugonjwa mgumu zaidi, na huku kwetu binadamu ndiye hifadhi kuu ya kimelea, kwa hiyo akiumwa na usubi tena anawapa na wengine.

---

Shamba_la_Ruaka

Samahani kuingilia. Huyu ndiye yule mdudu wa mvua anayeacha ngozi imeungua, Nairobi fly?

---

Kichuguu_Wazi

Hapana, dada/kaka, hawana uhusiano wowote. Nairobi fly ni mbawakawa mwembamba, mwekundu na mweusi kwa zamu, wa jenasi ya Paederus. Haumi wala habebi vimelea. Sumu yake iko mwilini, ukimponda juu ya ngozi ndipo unapoungua. Mpulize atoke, osha kwa sabuni na maji, usishike macho.

Na kwa swali la Mpima_Mabomba kuhusu Nairobi: mji huu uko juu, kiasi cha mita 1,700, na si eneo linalojulikana kuambukizia kala-azar. Marigat iko kama mita 1,000. Anayeugua Nairobi karibu kila mara ametoka nayo mahali. Msitazame Baringo tu: Masinga upande wa Machakos, Mwingi na Tseikuru upande wa Kitui, Turkana, Isiolo, Marsabit, na Wajir na Mandera ambako mlipuko wa 2000 na 2001 ulianza. Mwanafunzi aliyetoka likizo Tseikuru ana haki ya kuulizwa swali lile lile mnaloulizwa nyinyi mliotoka kazini Tiaty.

---

Mpima_Mabomba

Nimenakili yote. Tunanunua neti tisa mpya, lita tano zinarudishwa dukani, na chakula cha jioni kinaliwa saa kumi na moja. Na kidonda je, mtu akirudi na kidonda kisichopona, kipimo ni hicho hicho cha rK39?

---

Slaidi_na_Giemsa

Hapana. rK39 ni ya kala-azar, kwa kidonda cha ngozi haisaidii. Kidonda cha usubi huanza kama kipele, kinapanuka wiki kwa wiki, kingo zimeinuka, katikati kina gamba au kinalowana, na mara nyingi hakiumi. Kikipita wiki nne bila kupona, kikwanguliwe ukingoni, si katikati ambako kuna usaha na bakteria tu, kipakwe kwenye slaidi tatu na kupigwa Giemsa. Kabla ya kukwangua ondoa gamba na ubane ngozi kwa vidole viwili hadi ipauke, ili damu isijae kwenye slaidi. Damu ikijaa hutaona kitu.